Goti Langu Si la Kawaida

Jumatatu, 4 Oktoba 2004

Goti la kulia limeniamsha kabla ya jogoo. Si maumivu ya watu wadogo hawa. Ni maumivu yenye cheo. Goti hili nililipata milima ya Iveti mwaka wa sabini na nne, nikipambana na chui, na aliyekimbia ni chui. Mutheu, mke wangu, anasema nilianguka kwenye mtaro nikitoka harusini. Mutheu hakuwako.

Leo mwethya, kikundi chetu cha kulimiana, walichimba matuta kwa akina Ndanu. Sikwenda. Mara ya pili hiyo.

Naandika sheria hapa kwa faida ya wajukuu, maana daftari hili litasomwa. Sisi ni watu kumi na wawili. Tunachimba shamba la mmoja mmoja kwa zamu, matuta ya fanya juu, udongo unatupwa upande wa mlimani. Ukikosa mara tatu, zamu yako inarukwa mpaka msimu mwingine. Anayesamehewa ni mgonjwa mwenye karatasi ya daktari. Huyo anachimbiwa shamba lake akiwa amekaa kwenye kiti!

Zamu yangu ni Jumamosi tarehe kumi na sita. Mvua ni mwisho wa mwezi. Shamba langu limelala kwenye mteremko kama paa la nyumba, na matuta yalibomoka mwaka jana. Udongo mzuri uliobaki ni kiasi cha kufunika kisigino. Ukiondoka huo, tutapanda mahindi kwenye mawe. Na ukiondoka unajua unakokwenda? Kwa Wathome, jirani yangu wa chini, ambaye hajaomba na hajakataa.

Kwa hiyo mpango ni mmoja. Karatasi.

Jumatano, 6 Oktoba

Mungu yuko Kathiani. Wamekuja watu wa utafiti wa magoti! Wamekaa kwenye ukumbi wa kanisa, na wanapima bure. Fundi wao wa damu ni nani? Nduku, mtoto wa dada yangu, niliyembeba mgongoni akiwa na surua. Nikajua kazi imekwisha.

Haikuwa imekwisha. Nduku aliniambia kwa heshima kwamba hapo yeye ni wa serikali ya maabara, si wa ukoo.

Daktari anaitwa Kioko. Kijana mwenye mikono baridi. Akalikunja goti langu, akalinyosha, akasikiliza. Lilikuwa linasaga kama posho mill. Aliuliza lilianzaje. Nikamwambia nilisimamisha lori lililokata breki pale mteremko wa Mitaboni, kwa mguu huu mmoja. Nilimwona akiandika. Nikachungulia. Ameandika: amelima miaka thelathini.

Akasema ugonjwa ni osteoathraitisi. Gegedu, ile nyama laini kama mpira katikati ya mifupa, imelika. Nikamuuliza kama ni kali. Akasema tungoje damu. Damu inapimwa vitu viwili. Kimoja kinaitwa ESR, damu inasimamishwa kwenye mrija saa moja waone imeshuka namba ngapi. Kingine ni CRP, hiyo inapelekwa Nairobi. Zote mbili zinaonyesha kama kuna moto ndani ya mwili. Namba ikipanda, moto uko.

Namba! Hapo nilielewa kila kitu. Ni mtihani. Mimi niliacha shule darasa la tano, lakini hesabu sikuwahi kushindwa, isipokuwa ile miaka waliyonionea.

Wathome pia alikuwa kwenye foleni. Goti la kushoto. Goti la kushoto lina historia gani? Na Kamanthe, mwenyekiti wetu wa mwethya, mama mmoja anayeweza kunyamazisha mbwa kwa kumtazama, yeye ana magoti yote mawili. Kwa jumla tulikuwa tisa kutoka kikundi chetu. Sindano ilipoingia nilitabasamu. Wathome alifumba macho. Nimeandika hilo.

Ijumaa, 8 Oktoba

Sina nguvu ya kuandika.

Naandika.

ESR yangu ni tisa. Tisa! Wathome amepata ishirini na nne. Kwenye karatasi yangu, mbele ya namba, wameandika neno moja: kawaida.

Mimi, Levi Ndolo, kawaida.

Nikamwambia Daktari Kioko kuna makosa, damu zimebadilishana. Akanikalisha chini akaeleza polepole, kama mtu anayemweleza mgeni njia. Ati kwa ugonjwa huu wa goti, damu mara nyingi inakuwa tulivu. Moto uko, lakini ni mdogo na umejifungia ndani ya goti lenyewe, hautoki nje kupiga kelele kwenye damu. Ukitoka sana, yaani namba zikiruka juu, yeye anaanza kutafuta ugonjwa mwingine kabisa. Wanachotafuta kwenye utafiti ni kama wale ambao CRP imepanda kidogo tu ndio wanaoumia zaidi. Bado hawajui. Nikamuuliza kama hawajui, wameandikaje kawaida kwa wino wa kalamu.

Akasema damu ya kawaida haimaanishi goti halina ugonjwa. Akaandika karatasi nyingine: Bw. Levi Ndolo ana osteoathraitisi ya goti la kulia, asichimbe, asibebe mizigo, apunguze uzito, atembee na kufanya mazoezi mepesi. Muhuri ukagongwa.

Karatasi niliyokuwa nikiitafuta! Nikaisoma. Chini kabisa ilikuwa imeandikwa: ESR 9, kawaida.

Nikairudisha mezani. Sikuwa na hasira. Nilimwambia tu hiyo ampe mtu mwingine.

Daktari alisema anaiweka kwenye faili. Nduku alinishika mkono mlangoni akaniambia, "Anko, chukua. Hakuna mtu Kathiani anasoma mstari wa chini." Nikamjibu Wathome anasoma. Wathome alifika darasa la saba.

Huyo Wathome ameambiwa yake imepanda kidogo pengine kwa sababu ya jino bovu. Jino! Lakini njiani alikuwa anawasalimia watu kwa namba. Habari yako, ishirini na nne.

Jumamosi, 9 Oktoba

Mwethya kwa Kamanthe. Nilikwenda, maana mara ya tatu inamaliza mtu.

Wathome amekaa kwenye kiti, karatasi yake ya daktari kwenye mfuko wa shati, imechungulia kama leso. Analetewa uji. Anatoa maoni. Aliniambia jembe langu linaingia kwa pembe mbaya. Nikachimba kwa hasira mita nne, na goti likakataa mbele ya watu wote. Nilikaa chini kwa namna ya mtu anayekagua udongo. Nikaukagua kwa muda mrefu.

Kamanthe alikuja akasimama mbele yangu, jembe begani. Akauliza, "Baba Mulwa, karatasi yako iko wapi?"

Nikasema inapigwa chapa Nairobi, ina kurasa nyingi.

Akasema sawa. Kuchimba mita nne na kukaa hakuhesabiwi kuchimba. Nikileta karatasi kufikia Ijumaa, Jumamosi watachimba kwangu na nitakaa. Nisipoleta, leo ni mara ya tatu, na zamu yangu itachukuliwa na Wathome.

Wathome juu ya kiti chake alisema hana haraka.

Mutheu alitembea mbele yangu njia nzima. Nyumbani alikwenda akasimama juu ya shamba, akachota udongo kwa kiganja, akaurudisha. Kisha akaniambia daktari ana karatasi yangu kwenye faili, amesikia kwa Nduku, na kesho kutwa niifuate. Nikamwambia nitaifuata ikiwa na namba yangu ya haki.

Jumapili, 10 Oktoba

Wakati wa mahubiri nilipata akili. Daktari alisema namba ni moto. Moto unaweza kuwashwa.

Niko na mzinga mmoja kwenye mgunga wa nyuma. Nyuki wangu wananijua. Mchana Mutheu alipokwenda kwa mikutano ya akina mama, nilipanda juu ya jiwe, nikakunja suruali, nikaweka goti karibu na mlango wa mzinga, nikagonga mara moja kwa adabu.

Nyuki hawanijui.

Goti: wanne. Sikio: wawili. Mdomo wa juu: mmoja, lakini huyo alikuwa mkubwa wao. Nilikimbia umbali ambao sijakimbia tangu mambo ya chui, na naona daktari angefurahi, maana ni mazoezi. Mutheu alirudi akanitazama. Aliingia jikoni na nikasikia sufuria zikigongana bila sababu.

Goti limevimba vizuri sana. Kesho mapema, kliniki ya mjini.

Jumatatu, 11 Oktoba

Machakos. Niliingia kwa Daktari Kioko nikiwa wa kwanza. Sikuweza kutamka vizuri kwa ajili ya mdomo, nikaonyesha goti kwa kidole. Nikasema moto umetoka nje.

Akainama. Akavaa miwani. Kwa kucha mbili akachomoa mwiba wa nyuki, akauweka kwenye pamba nyeupe kati yetu, tukautazama.

Nikamwambia nyuki wa Ukambani wanapenda watu wenye damu kali.

Akasema nikirudia nitakufa, kuna watu nyuki watatu tu wanawamaliza, na kwamba sikio langu la kushoto halihusiani na osteoathraitisi. Kisha akafungua faili akanisukumia ile karatasi tena. Iko na muhuri. Iko na jina langu. Nikaisoma tena mpaka chini. Tisa. Kawaida. Nikaifunga faili mwenyewe.

Lakini sikutoka mikono mitupu. Ameniambia Jumatano wanarudi Kathiani kuchukua damu mara ya pili, watu walewale, kwa sababu damu ya siku moja haiaminiki. Hata wao wanajua!

Jumatano, 13 Oktoba

Siku kubwa.

Damu ilichukuliwa saa tatu. Mimi nikabaki ukumbini nikisema nampa mtoto wa dada yangu ulinzi. Nduku aliweka meza kando ya ukuta. Juu yake kishikio cha chuma chenye mirija tisa myembamba kama mabua ya kunywea soda, yote imesimama wima. Damu yetu! Niliitambua yangu kwa wekundu.

Akatoa pima maji. Ile ya mafundi wa nyumba, yenye kiputo ndani! Akaiweka juu ya kishikio, akasogeza mpaka kiputo kikatulia katikati. Nikamuuliza anajenga nini. Akasema mirija lazima isimame wima kabisa kwa saa nzima. Ikiinama hata kidogo, chembe nyekundu zinateleza upande mmoja na kushuka haraka, na namba inapanda kwa uongo. Kisha akaniambia nisiguse. Alinitazama machoni aliposema hivyo, kama mama yake.

Akaenda kunywa chai.

Nilikaa dakika mbili. Hakuna mtu anayeweza kusema sikukaa. Nikafikiria shamba. Nikafikiria kiti cha Wathome. Nikachukua mkebe wangu wa ugoro nikauingiza chini ya miguu ya nyuma ya kishikio. Mirija yote ikainama mbele kidogo tu, kama watu wanaosikiliza umbea.

Nilitaka kuutoa kabla hajarudi. Lakini Daktari Kioko aliingia na kukaa palepale kuandika, na mimi nikatoka nje nikipiga mluzi. Nduku alirudi, akasoma namba, akakunja uso, akasoma tena. Wakafunika kila kitu kwa kitambaa wakapakia kwenye gari pamoja na mkebe wangu, uliokuwa umenasa chini ya kishikio. Nimekaa bila ugoro tangu saa sita. Shujaa hulipa.

Ijumaa, 15 Oktoba

SITINI NA MOJA!

Naandika tena polepole. Sitini na moja. Kutoka tisa! Mwalimu wangu wa darasa la tano angekuwa hai ningempelekea.

Daktari Kioko hakufurahi. Alikuwa na uso wa mtu aliyepoteza ng'ombe. Alituita tisa wote, akauliza kama tumekuwa na homa, kikohozi cha usiku, maziwa mabichi. Akasema mpaka ajue ni nini kimetupata, hakuna anayeruhusiwa kazi nzito kwa wiki mbili. Kila mtu akapewa karatasi yenye muhuri.

Kila mtu. Hilo sikulitilia maanani wakati ule, kwa sababu nilikuwa natafuta kujua namba ya Wathome.

Themanini na mbili.

Mrija wake ulikuwa pembeni. Nadhani meza ilikuwa imelala upande wake. Nimeibiwa.

Hata hivyo nilimpelekea Kamanthe karatasi yangu kabla jua halijatua. Aliisoma akainamisha kichwa. Akatoa yake mfukoni. Sabini.

Jumamosi, 16 Oktoba

Zamu yangu.

Niliweka kiti tangu asubuhi. Kiti cha mkono, kile cha sebuleni, juu kabisa ya shamba ili nione kila jembe. Mutheu alikuwa amepika isyo sufuria mbili kubwa, mahindi na maharagwe, na uji, maana mwenye shamba ndiye anayelisha watu.

Wakaja. Siwezi kusema hawakuja. Watu wa mwethya wetu wanaheshimu zamu. Walikuja wote, wamevaa nguo za kanisani, na kila mmoja alikuwa amebeba kiti chake.

Wanane wakapanga viti kwenye mteremko, mstari mmoja, palepale tuta la kwanza lilipotakiwa kupita. Karatasi mkononi. Wakakaa. Mimi kwenye changu, tukawa tisa. Waliobaki wazima ni watatu ambao hawakupimwa: Ndanu, ambaye mimba yake ina miezi minane, mume wake, aliyesema hawezi kumwacha mke wake, na Mutheu wangu.

Mutheu alichimba peke yake. Nilimwangalia kutoka juu. Alichimba futi tatu hivi, akasimama, akatazama ule mstari wa viti, akanitazama mimi. Jembe likabaki limesimama ardhini.

Tulikula isyo yote. Wathome alisifu chumvi. Alisema kutoka pale alipokaa anaona vizuri sana mahali udongo utapita ukiteremka kwake.

Mawingu yalikuwa upande wa milima ya Mua. Meusi chini.

Jumatatu, 18 Oktoba

Nduku amekuja nyumbani. Hakukubali chai. Hapo ndipo unajua jambo ni zito.

Aliweka mkebe wa ugoro juu ya meza.

Nikauliza ni wa nani.

Akaeleza akiwa amesimama. Majibu ya CRP yamefika kutoka Nairobi. Ya watu wote tisa yametulia, hayakusogea. ESR zimeruka, CRP zimelala. Watu tisa kwa siku moja, haiwezekani. Wakubwa wa utafiti wameuliza ni nani aliyesoma mirija, kama amesomea kweli kazi hii. Daktari Kioko alikuwa ameomba gari lije kuwapima Kathiani nzima kifua kikuu na homa ya maziwa. Leo asubuhi alipofungua kitambaa mkebe ukadondoka.

Nikamwambia hiyo inaonyesha vifaa vyao ni dhaifu, kama mkebe mmoja unaweza kuvishinda.

Akasema, "Anko, nimesoma miaka mitatu. Mama aliuza ng'ombe wote wawili. Nikiitwa Alhamisi nitasema nini, kwamba ni tumbaku ya mjomba?"

Sauti yake haikupanda. Afadhali ingepanda. Mutheu alikuwa mlangoni, mikono ina matope bado, maana amekuwa akichimba kila siku kidogo kidogo.

Nimekaa na mkebe huu mpaka sasa. Sijanusa. Sina hamu nao.

Jumanne, 19 Oktoba

Nimekwenda Machakos nikamwambia Daktari Kioko. Yote. Nilitembea kutoka stendi kwa miguu, goti likilia kila hatua, kusudi nisifike haraka.

Sikwenda kuomba msamaha, iandikwe hivyo. Nilimwambia nilifanya uchunguzi wangu binafsi wa kuinamisha damu, na ukafaulu kuliko wao. Msichana hana kosa. Alipima kwa pima maji, mimi ni shahidi, na akanikataza kwa mdomo wake. Nikaandika kwa mkono wangu na kuweka sahihi na kidole gumba, vyote viwili, ili wasiseme.

Daktari aliisoma. Akageuka dirishani. Mabega yake yalikuwa yanacheza. Sijui kama alikuwa analia.

Aliporudi alisema barua itakwenda kwa wakubwa na Nduku atabaki kazini. Mimi nimeondolewa kwenye utafiti. Nikamwambia nilikuwa nakusudia kujiuzulu.

Jumatano, 20 Oktoba

Sikukuu, na badala ya kupumzika nimeshtakiwa. Kamanthe aliita mwethya wote uwanjani kwake. Zile karatasi tisa zimefutwa. Watu walikuwa wamekaa nazo siku tano kama vyeti vya shule, na nadhani hasira yao kubwa ilikuwa kurudi kawaida. Wathome ndiye aliyeumia zaidi. Themanini na mbili imeteremka, na alikuwa ameshaiandikia mtoto wake barua.

Walisema wanitoe kikundini. Nikasimama nikawaambia walete mwingine mwenye ujuzi wa fanya juu kama mimi. Hapakuwa na haja ya kutaja majina, lakini walitaja sita.

Kamanthe alimaliza. Goti langu anajua ni bovu, alisema, hata kama akili nayo ni hivyo. Sitachimba. Nitawapikia. Kila shamba, kila siku ya kazi, isyo na uji, kuchota maji na kuosha sufuria, mpaka msimu uishe. Zamu yangu itakuwa ya mwisho, tarehe thelathini, mvua ikikubali kungoja.

Mimi, mwanamume wa miaka hamsini na mbili, jikoni! Nimekubali kwa sharti kwamba niitwe msimamizi wa chakula. Hawakujibu, kwa hiyo wamekubali.

Jumapili, 24 Oktoba

Mvua haikungoja.

Ilianza jana mchana, ikapiga saa mbili. Nilisimama chini ya paa na Mutheu. Maji yalishuka shambani kwetu rangi ya chai ya maziwa. Yale matuta mafupi aliyochimba yeye peke yake yalishika. Mengine hayakuwapo ya kushika.

Asubuhi tumeona. Theluthi moja ya shamba, upande wa juu, mawe yametoka meno. Udongo umelala kwa Wathome, mweusi, laini, umejaza matuta yake kama keki kwenye sahani.

Wathome alikuja ukingoni akaniita. Nilitegemea maneno. Akasema udongo ni wangu, kila mtu anaujua, nipande maharagwe kwenye mstari ule msimu huu, mavuno yangu.

Nikamwambia nitafikiria. Sasa angalia! Nalima mashamba mawili.

Mutheu alimshukuru. Mimi sioni kwa nini kushukuru mtu kwa udongo wako.

Jumamosi, 30 Oktoba

Walikuja. Bila viti.

Kumi na mmoja, majembe kumi, na Ndanu akishika kamba ya kupimia mstari. Kamanthe alitangaza mbele ya wote kwamba Baba Mulwa anakaa, ni amri ya daktari, karatasi ya kweli ameichukua yeye mwenyewe kliniki kutoka kwenye faili. Akaisoma kwa sauti. Aliisoma mpaka chini. Tisa, kawaida. Hakuna aliyecheka. Hakuna hata aliyesikia, walikuwa wanatema mate mikononi waanze kazi.

Nikakaa. Sufuria zilikuwa tayari zinachemka. Matuta yakaanza kupanda, moja, mawili, matatu, yamenyooka. Sijawahi kuona shamba langu likiwa zuri hivyo. Kama lingebaki hivyo ningemaliza daftari hapa.

Lakini Wathome! Anachimba kwa lile goti la kushoto la jino bovu, na akina mama wanampigia vigelegele, ati Wathome ana mkono, tazameni Wathome anavyotupa udongo. Alikuwa anautupa chini ya kiuno. Fanya juu hutupwa hivyo? Nikavumilia. Nikakoroga uji. Nikavumilia tena. Kisha akageuka akaniuliza kwa upole kama uji uko karibu.

Nilimnyang'anya jembe. Mutheu alisema, "Levi, kaa." Kamanthe alisema kitu pia. Nikawaonyesha. Moja, mbili, tatu, udongo unaruka juu ya bega kama ndege. Nilifika kumi na moja. Kumi na moja safi, waulize. La kumi na mbili goti lilitoa sauti ambayo hata jembe lilisimama.

Nimeletwa nyumbani kwa wilibaro. Aliyesukuma ni Wathome, na alikwepa kila jiwe, makusudi, ili watu waone utu wake. Mimi nilikaa mbele, mgongo umenyooka, nikiinua mkono kwa watu waliokuwa barabarani. Walidhani ni msafara.

Sasa niko kitandani. Nje nawasikia bado wanachimba, wanaimba, na isyo imeungua kidogo lakini wanakula. Matuta yatakwisha leo.

Na goti! Limevimba kama papai. Lina joto, nimeweka kiganja, linapiga kama moyo. Hakuna nyuki, hakuna mkebe. Moto halisi, wa haki, wangu mwenyewe. Nimemtuma Mutheu akimbie barabarani akampigie Nduku simu, aje na sindano na mirija yake na ile pima maji, leo hii, kabla halijapoa.

Mutheu bado amesimama mlangoni ananitazama. Sijui anangoja nini.